Bandeji yenye dawa na vidonda vya vimelea: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Kidonda cha leishmania, kimelea kinachoenezwa na usubi, hakina haraka. Huanza kama kipele pale usubi alipouma, wiki kadhaa au hata miezi baadaye. Kipele huvimba, kikachimbika katikati, kingo zikainuka na kukakamaa kama mdomo wa chungu. Mara nyingi hakiumi. Kwa kuwa hakiumi na kiko wazi, jambo la kwanza linalomjia mtu ni kukifunga, na bandeji zenye dawa ziko za kila namna: za madini ya fedha, za iodini, za asali, za antibayotiki. Mtu hufunga, hufungua, hufunga tena, na miezi inakatika.

“Bandeji ikiwa na dawa, itaua vimelea.”

Swali la kuuliza kwanza ni kimelea kinakaa wapi. Leishmania haikai juu ya kidonda kama bakteria wanaoleta usaha. Inaishi ndani ya seli za kinga zenyewe, zile zilizoumbwa kumeza vijidudu. Ukitazama kwa hadubini unaona seli moja imejaa vitone vidogo vya mviringo, na kila kitone ni kimelea kilicho hai. Wengi wako kwenye zile kingo zilizoinuka, ndiyo maana sampuli huchukuliwa ukingoni. Kwa hiyo dawa ya kwenye shashi haina kazi ya kugusa kidonda tu. Lazima ipenye ngozi, kisha ipenye seli, na ifike ikiwa bado na nguvu.

Fedha na iodini ni hodari kwa bakteria wa juu. Lakini bandeji ya fedha ilipojaribiwa nchini Iran, pamoja na sindano za antimoni, dawa ya ugonjwa huu, haikuongeza chochote juu ya kile ambacho sindano zilifanya zenyewe. Nchini Kolombia kulijaribiwa kibandiko kinachotoa gesi ya naitriki oksaidi, kwa wagonjwa 178, na matokeo yakachapishwa 2010. Waliobandikwa walipona asilimia 37 hivi. Waliochomwa sindano za antimoni, karibu asilimia 95. Yananiuma matokeo haya, kwa sababu sindano hizo si mchezo: ni siku 20 mfululizo, na dawa yake inaweza kusumbua moyo, ini na kongosho. Kibandiko kingekuwa rehema. Ila huo ndio ukweli, na mgonjwa ana haki ya kuujua kabla hajatoa pesa yake.

“Basi dawa ya kupaka haifai kabisa.”

Nako ni kuvuka mpaka. Marhamu yenye antibayotiki ya paromomaisini, asilimia 15, iliyopakwa mara moja kwa siku kwa siku 20 na kufunikwa, iliponya zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa katika jaribio la Tunisia lililochapishwa 2013. Tazama pia upande wa pili: waliopakwa marhamu isiyo na dawa yoyote walipona asilimia 58. Zaidi ya nusu! Aina ya leishmania ya huko, *Leishmania major*, mara nyingi hupona yenyewe kwa miezi kadhaa na kuacha kovu. Ukisikia mtu anaapa kwamba majani fulani au bandeji fulani ndiyo iliyomponya, kumbuka hiyo 58.

“Ngozi ikifunga, umepona.”

Si kwa aina zote. *Leishmania braziliensis* ya Amerika Kusini inaweza kuibuka puani na mdomoni miaka baada ya kidonda cha ngozi kufunga, ikala nyama hadi ukuta wa pua. Ndiyo maana aina ya kimelea hupimwa kabla ya kuamua kama dawa ya juu inatosha au inahitajika ile ya kuingia mwilini.

“Kidonda kiachwe wazi kikauke.”

Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko lililoachwa likauke. Hapa ndipo bandeji inapostahili heshima yake. Inalinda nyama mpya, inazuia uchafu na nzi, inapunguza bakteria wanaodandia kidonda, na usubi hawezi kuuma pale palipofunikwa. Ila usiivute ikiwa imeganda. Ukiivuta, ngozi nyembamba ya waridi iliyoota jana inatoka nayo na damu inachuruzika upya. Ilowanishe kwa maji safi ya chumvi, subiri dakika chache, uone inavyojiachia.

“Vimelea vya ngozi ni vimelea tu, tiba ni moja.”

Buu wa nzi aliye chini ya ngozi hupumua kwa kitundu kidogo. Kizibe kwa mafuta ya mgando na plasta, atasogea juu kutafuta hewa na atatolewa kwa koleo. Funza naye huacha ncha ya nyuma nje ya ngozi, na mafuta ya dimethikoni hupenya hapo. Wote wawili wako mahali dawa ya juu inafika. Vijidudu vya upele vinachimba vijia mwilini kote, kwa hiyo bandeji ya mkononi haina maana: krimu ya pamethrini hupakwa toka shingoni hadi nyayoni, ikakaa saa 8 hadi 14, ikarudiwa baada ya wiki moja, na wote wa nyumba hiyo wakapakwa siku ile ile, hata asiyejikuna.