Mfungaji wa Pointi Nyingi na Tuzo ya MVP: Hesabu Ambayo Mashabiki Hawaifanyi

Kila msimu wa ligi kuu ya mpira wa kikapu ya wanawake Kenya unapokaribia kwisha, hoja ile ile hurudi katika ukumbi wa Nyayo, Nairobi: MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, ni yule aliyefunga pointi nyingi kuliko wote, na akipewa mwingine basi kuna upendeleo. Nimeisikia tena juma hili, safari hii kutoka kwa shabiki anayefuata mpira wa kikapu kwa makini, ambaye aliomba karatasi ya takwimu za mechi kisha akasoma safu moja tu, ile ya pointi. Kazi yangu ni kuijaza karatasi hiyo, na huniuma kuona safu zile nyingine zikipuuzwa, kwa kuwa ndizo zinazoeleza jinsi pointi zilivyopatikana.

Wanaoamini hivyo hupenda kuitolea mfano WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, ilhali ligi hiyo inawapinga. Kuanzia 2016 hadi 2023, misimu minane mfululizo, mchezaji aliyeongoza kwa wastani wa pointi hakuwa yule aliyepewa tuzo. Mwaka 2016 Tina Charles aliongoza kwa wastani wa 21.5, lakini tuzo ikaenda kwa Nneka Ogwumike aliyekuwa na 19.7 na ambaye asilimia 66.5 ya mitupo yake iliingia. Brittney Griner aliongoza 2017 na 2019, tuzo zikaenda kwa Sylvia Fowles na Elena Delle Donne. Hata zamani lilitokea: 2006 Diana Taurasi alifunga pointi 860, rekodi ya wakati huo, na aliyetawazwa ni Lisa Leslie.

Msimu wa 2023 ndio unaonisaidia zaidi kueleza. Jewell Loyd wa Seattle Storm alifunga pointi 939, idadi ambayo hadi wakati huo hakuna mchezaji wa ligi hiyo aliyekuwa ameifikia katika msimu mmoja, na timu yake ikashinda mechi 11 na kupoteza 29. Sue Bird alikuwa amestaafu, Breanna Stewart alikuwa amehamia New York Liberty, na mzigo wote wa kushambulia ukamwangukia Loyd. Alitupa mara nyingi kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kutupa, na mitupo yake iliyoingia ikawa chini ya asilimia 40. Ninamheshimu kwa hilo, kwa sababu ni kazi ambayo wachezaji wengi wangeikimbia. Lakini pointi 939 hutueleza kwanza wingi wa zamu za kushambulia alizotumia, na baadaye sana ndipo hutueleza kama alikuwa bora kuliko wenzake.

Zamu ndilo jambo lenyewe. Timu zinazokutana hupata zamu za kushambulia zinazokaribiana sana kwa idadi, kwa kuwa moja ikifunga au ikipoteza mpira, nyingine huupokea. Anayeshinda ni yule anayevuna pointi nyingi zaidi kutoka katika zamu zile zile. Ili kukadiria zamu, tunachukua mitupo yote ya uwanjani, tunatoa ribaundi za kushambulia (mipira ambayo timu huidaka tena baada ya mtupo wake kukosa), tunajumlisha mipira iliyopotezwa, kisha tunaongeza mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo, baada ya kuizidisha kwa 0.44. Sababu ya kutotumia nusu kamili ni kwamba mtupo mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kilichofungwa kwa faulo, au mtupo wa faulo ya kiufundi, hautumii zamu mpya. Nakiri kwamba kizidishi hicho kilitokana na mechi za Marekani, na sina uhakika kwamba kinaifaa ligi yetu, ambamo mpangilio wa faulo ni tofauti. Ninakitumia kwa kuwa njia nyingine ni kurudia mkanda wa kila mechi na kuhesabu zamu moja moja, kazi ambayo hakuna anayetupa muda wa kuifanya.

Sasa nifike kwenye kinachonikera zaidi. Mashabiki walioachana na safu ya pointi hukimbilia safu ya ufanisi, ile tarakimu moja ambayo karatasi za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, huionyesha kwa kila mchezaji, na huamini kwamba hapo wamepata haki. Tarakimu hiyo hupatikana kwa kujumlisha pointi, ribaundi, asisti (pasi zinazozaa kikapu), mipira iliyopokonywa na mitupo iliyozuiwa, kisha kutoa mitupo iliyokosa na mipira iliyopotezwa. Tazameni inavyomtendea mtupaji mbaya. Mchezaji akitupa mara tatu kwa pointi mbili na kufunga mara moja, anapata mbili na kupunguziwa mbili, kwa hiyo anabaki sifuri. Akivuka kidogo tu theluthi moja, kila mtupo wa ziada unampandisha. Kwa mitupo ya pointi tatu kizingiti ni cha chini zaidi: anayefunga mmoja kati ya minne anabaki sifuri, na kutoka hapo kwenda juu anapanda.

Chukueni mchezaji anayetupa mara 22 kwa pointi mbili na kufunga mara 8. Ana pointi 16, amekosa mara 14, na safu ya ufanisi inamwongezea 2. Kwa mujibu wa safu hiyo ameisaidia timu kuliko kama asingetupa kabisa. Lakini mitupo ile 22 imeleta pointi 0.73 kwa kila mmoja, ilhali timu nzuri ya wanawake huvuna karibu pointi moja kwa kila zamu. Maana yake ni kwamba amekula zamu ambazo wenzake wangezitumia vizuri zaidi, na karatasi ikampongeza. Nimeona tuzo za mashindano zikiamuliwa kwa kupanga safu hiyo kutoka juu kwenda chini, bila mtu yeyote kuuliza chochote zaidi, na sioni jinsi mtu anayependa mchezo huu anavyoweza kuridhika na jambo hilo.

Hata hivyo, siwezi kugeuka upande wa pili na kudai kwamba anayefunga kwa asilimia kubwa ndiye bora daima. Kuna zamu zinazofikia sekunde ya ishirini na mbili, kati ya ishirini na nne zinazoruhusiwa, bila mtu kupata nafasi, na lazima mmoja autupe mpira akiwa amebanwa. Mara nyingi mchezaji huyo ni yule yule, nyota wa timu, na asilimia yake hushuka kwa sababu ya ujasiri wake, huku mwenzake anayesubiri chini ya kikapu akimaliza na asilimia nzuri. Tena, mtupo uliokosa haumalizi zamu kila mara, kwa maana ribaundi ya kushambulia huirudisha. Ni kiasi gani tumlipe mchezaji kwa kubeba zamu mbaya? Wataalamu wana fomula nyingi kwa swali hili, na kila fomula ninayoijua hujibu kwa kukisia sehemu fulani.

Asisti nazo zinahitaji uangalifu, na hapa nazungumza kama mtu anayezirekodi. Chini ya mwongozo wa FIBA, ambao ndio tunaoufuata Kenya, pasi inayompa mwenzako nafasi ya kutupa, akafanyiwa faulo na kufunga angalau mtupo huru mmoja, huhesabiwa kuwa asisti. WNBA haihesabu hivyo. Kwa hiyo anayesema kwamba mpangaji wa mchezo wa KPA au wa Equity Hawks, timu za hapa Kenya, ana asisti nyingi kuliko mpangaji fulani wa Marekani analinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja. Na hata ndani ya ukumbi mmoja, watakwimu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana kama pasi ilizaa kikapu, au kama mfungaji alijitengenezea mwenyewe kwa kudunda mpira mara mbili na kumhadaa mlinzi.

Kuhusu ulinzi nitasema machache, kwa sababu karatasi nayo husema machache. Mitupo iliyozuiwa na mipira iliyopokonywa ni sehemu ndogo ya kazi ya ulinzi. Mchezaji anayeziba njia hadi mshambuliaji akaamua kurudisha pasi nje haandikiwi kitu. Kipimo cha tofauti ya pointi mchezaji akiwa uwanjani kinasaidia, lakini kwa mechi chache za msimu mmoja, akicheza karibu muda wote na wenzake wale wale wanne, kinachanganya sifa zake na zao.

Suala la mechi za mchujo halihitaji mjadala mrefu. Kura za MVP za WNBA huhusu msimu wa kawaida, na fainali ina tuzo yake. Katika mashindano mafupi ya FIBA uamuzi huja mwishoni, na kwa kawaida huangukia timu bingwa, kama ilivyokuwa katika AfroBasket ya wanawake, Kigali 2023, ambapo Amy Okonkwo wa Nigeria alitunukiwa. Hizi ni desturi mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakozaa nusu ya magomvi.

Mara nyingine vipimo vyote hukubaliana. Mwaka 2024 A'ja Wilson wa Las Vegas Aces alipata wastani wa pointi 26.9 na ribaundi 11.9, akawa wa kwanza kuvuka pointi 1,000 katika msimu mmoja, na wapiga kura wote 67 wakampa nafasi ya kwanza. Mwaka uliofuata alitwaa tuzo ya nne, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Wanaoshikilia hoja ya pointi huitaja misimu hii miwili kama ushahidi, lakini Wilson aliongoza kwa pointi huku akiwa miongoni mwa walinzi bora wa ligi nzima.

Nirudi 2023, kwa kuwa wapiga kura 60 waligawanyika kweli. Alyssa Thomas wa Connecticut Sun alipata kura 23 za nafasi ya kwanza, Stewart 20, Wilson 17. Nafasi ya kwanza huleta pointi 10, ya pili 7, ya tatu 5, ya nne 3 na ya tano 1, na baada ya kujumlisha Stewart alishinda kwa 446, Thomas 439, Wilson 433. Watu walimshambulia mno mpiga kura mmoja aliyemweka Wilson nafasi ya nne. Pigeni hesabu: angemweka ya tatu, Wilson angekuwa na 435 na kubaki wa tatu. Angemweka ya kwanza, angefika 440, na hata kama Stewart angeshushwa na kura hiyo hiyo kutoka nafasi ya kwanza hadi ya tatu, angebaki na 441.

Thomas alikuwa na wastani wa pointi 15.5 tu, wa chini kabisa kati ya hao watatu, na bado ndiye aliyeongoza kwa kura za nafasi ya kwanza. Alikaribia ribaundi 10 na asisti 8 kwa mechi, akafikisha tarakimu mbili katika pointi, ribaundi na asisti mara sita msimu huo, kwa timu iliyompoteza Jonquel Jones kwa uhamisho na Brionna Jones kwa jeraha, na ikashinda mechi 27. Wilson alikuwa mlinzi bora wa mwaka katika timu iliyoshinda 34, lakini pembeni yake walikuwapo nyota wengine, Chelsea Gray, Kelsey Plum na Jackie Young. Kura yangu ingekuwa Thomas, Wilson, Stewart. Nafasi ya pili na ya tatu ningeweza kuzibadilisha nikionyeshwa hoja nzuri, lakini Loyd, mfungaji bora wa msimu huo, asingekuwamo katika majina hayo matatu.