Kudipotiwa ni nini, na kwa nini anayefukuzwa huwa si mtu mmoja

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa hapa mtaani Majengo alinijia dukani, mimi nina saiba ndogo na kidirisha cha M-Pesa pembeni, nikamuamkia shikamoo mama, marahaba yenyewe ikatoka nusu, akanisukumia simu. "Mwanangu hebu nisomee hapa, kizungu hiki kimenishinda. Ati kijana wangu amedipotiwa. Ndo ameuliwa ama?" Nikamwambia la mama, yu hai, anarudishwa tu. Akakaa kwenye benchi, akashusha pumzi, kisha akanitazama. "Tu?"

Hilo "tu" langu limenisumbua tangu siku hiyo, manake hili neno siku hizi liko kila mahali kwenye simu zetu na wengi tunalitumia kama vile mtu amekosa basi. Wacha nilieleze ninavyolijua.

Kudipotiwa, au kufurushwa nchini kama wanavyosema kwenye habari, ni serikali kumtoa mtu asiye raia wake kwa nguvu ya sheria na kumrudisha kwao, au wakati mwingine kumpeleka nchi nyingine kabisa iliyokubali kumpokea. Shika hapo "asiye raia". Raia hafukuzwi kwao, ndo maana ile ya wakili Miguna Miguna ya Februari 2018 ilileta kelele vile, mzaliwa wa Kenya anapakiwa ndege anapelekwa Kanada, mahakama ikasema serikali ilivunja sheria na bado hakurudi mpaka Oktoba 2022. Na usichanganye na mtu kupelekwa nchi nyingine kujibu kesi, kama wale ndugu Akasha wa hapa hapa Mombasa waliochukuliwa kwenda Marekani Januari 2017 kwa kesi ya dawa za kulevya, hiyo ni safari ingine. Wala si kule kugeuziwa eyapoti na viza yako mkononi, hapo hata hukuingia.

Wadada walioenda Saudia wana neno lao, tarhil, yaani kule mahali unapowekwa kungoja ndege ya kurudishwa. Na anayetoroka kwa bosi wake wanamuita kemboi, wamemchukulia jina yule mkimbiaji wetu wa kuruka viunzi na maji. Wakenya kwa majina hatujambo. Lakini nyuma ya huo mzaha kuna jambo zito, kule kibali chako kimefungwa kwa kafili, yaani bosi aliyekuleta, ukitoka nyumbani kwake hata kama ulikuwa unapigwa, makaratasi yako yanaweza kufa, na wewe ndo mkosaji.

Huyu kijana wa mama alikuwa Minnesota. Alienda na viza ya masomo, karo ikamshinda mwaka wa pili, akaacha chuo, akaingia kazi ya kutunza wazee usiku, akapata mke, akapata binti. Hadithi ya kawaida mno, hata wewe unayesoma unamjua mmoja. Sasa kitu ambacho watu wengi huku hawajui ni kwamba kesi ya uhamiaji Marekani inahesabiwa ni ya madai, si ya jinai, kwa hivo serikali haikupi wakili wa bure, una pesa unatafuta loya wako, huna unasimama peke yako mbele ya jaji, na wapo watoto wanaosimama hivo. Wengine hawamuoni jaji kabisa, wanatolewa kwa amri ya afisa tu. Na wengine wanaishi miaka wakienda kuripoti ofisi ya ICE, hiyo idara ya kukamata na kurudisha wageni iliyoundwa 2003, wamefungwa bangili ya mguuni ya kuwafuatilia, mpaka ile siku unaenda kuripoti kama kawaida, umeacha gari paking, na gari ndo linabaki.

Kuna njia ya kujitetea. Sheria inasema ukiwa umekaa miaka 10, tabia yako nzuri, na uthibitishe kwamba mkeo au mtoto au mzazi wako mwenye uraia au grin kadi atapata taabu isiyo ya kawaida kabisa ukiondoka, basi jaji anaweza kukuacha ubaki. Wanaopewa hiyo kwa mwaka mzima, nchi nzima, hawazidi 4,000, basi. Nilipomsomea mama hapo akaniuliza kwani mtoto kumlilia babake usiku si taabu? Nikamwambia mama, hiyo kwao ni taabu ya kawaida. Kila mtoto analia. Wao wanataka ile isiyo ya kawaida, mtoto mgonjwa wa ugonjwa ambao huku hautibiki, mambo kama hayo. Wallahi nilivyojisikia nikisema hivo sikujipenda.

Akishatolewa kwa amri ya jaji mlango unafungwa, kwa kawaida miaka 10, na akifukuzwa mara ya pili ni 20, hiyo ni sheria ya 1996. Binti aliyezaliwa kule ni Mmarekani kwa katiba yao, watu husema ati ukizaa kule umeshapata tiketi, si kweli, mtoto hawezi kumuombea mzazi mpaka afike miaka 21. Huyu binti ana 6. Piga hesabu mwenyewe.

Hapo ndo unaona kwa nini nasema anayefukuzwa si mmoja. Kwenye karatasi kuna jina moja. Lakini mke amebaki na kodi ya nyumba iliyokuwa inalipwa na mishahara miwili, atafanya shifti mbili na mtoto atalelewa na televisheni. Au afunge nyumba amfuate mumewe, na mtoto aje Mombasa hajui hata kuagiza mbaazi na mahamri. Kwa sheria huyo mtoto ni Mkenya kabisa, kifungu cha 14 cha katiba yetu ya 2010 kinasema mzazi mmoja akiwa raia inatosha, popote ulipozaliwa. Karatasi atapata. Ila karatasi haimfundishi kukaa darasa la watoto hamsini ambao wameshampa jina Mmarekani kabla hajaketi.

Kuna mji mdogo Marekani unaitwa Postville, jimbo la Iowa, watu elfu mbili na kidogo. Mwezi Mei 2008 maafisa walivamia kiwanda cha nyama pale, asubuhi moja wakashika watu 389, wengi wao kutoka Guatemala, wakawapeleka kuwazuilia kwenye uwanja wa maonyesho ya ng'ombe. Ng'ombe, ndio. Familia zilizobaki zikakimbilia kanisani, wengine wakalala humo siku kadhaa. Kina mama wengine waliachiliwa wakae na watoto lakini na bangili mguuni na bila ruhusa ya kufanya kazi, sasa mtoto atakula nini, bangili? Kiwanda kikafilisika mwaka huo huo. Maduka yakakosa wateja, nyumba zikakosa wapangaji, na hao wenye maduka na nyumba makaratasi yao yalikuwa sawa kabisa, hakuna aliyewagusa.

Lakini lililonishika mimi kuhusu Postville ni lingine. Watafiti walikuja baadaye wakaangalia watoto waliozaliwa jimbo zima la Iowa baada ya huo msako, si Postville peke yake, wakakuta kina mama wenye asili ya Amerika ya Kilatini hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo iliongezeka kwa asilimia 24 ukilinganisha na mwaka kabla yake. Na ilikuwemo hata kwa kina mama waliozaliwa hapo hapo Marekani, raia kamili. Yaani mama ana uraia, yuko mji mwingine mbali, hakuna aliyemgongea mlango, na hofu imeshamfikia mtoto tumboni. Kina mama weupe wa jimbo hilo hilo hawakuonyesha ongezeko kama hilo.

Sisemi nchi isiwe na mlango. Kila nyumba ina mlango na mwenye nyumba anaamua nani aingie, hata sisi Kenya tuna sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 na tunafukuza watu. Na katika wanaofukuzwa kuna wahalifu wa kweli. Ninachokataa ni ile hesabu ya kitoto ya kusema tumeondoa mmoja, tumebaki bila hasara. Hao wasio na makaratasi Marekani walilipa kodi kama dola bilioni 97 mwaka 2022 peke yake, wengine wakichangia mfuko wa uzeeni ambao hawatakuja kula hata senti.

Huku kwetu nako. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, inazidi mbali tunachopata kwa chai, na zaidi ya nusu ilitoka Marekani. Hizo ni namba za benki kuu. Namba ninazoziona mimi kidirishani ni ndogo ndogo, elfu nane, elfu kumi na mbili. Huyu mama alikuwa anatoa kila tarehe tano, na nilikuwa najua zinaenda wapi manake alikuwa akinituma nimlipie kutoka hapo hapo, dawa za presha, tokeni ya stima, karo ya mjukuu wa Likoni, na mia tano ya jirani mmoja mzee asiye na mtu. Huyo mzee hamjui kijana, hajawahi kumuona, wala hajui Minnesota ni nini. Tarehe tano iliyopita naye alikosa.

Jamii nzima kufukuzwa ni kitu kingine tena, hata kisheria, manake pale hakuna kesi ya mtu mmoja mmoja. Wazee wa hapa Mombasa wanaikumbuka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, wengine waliletwa na treni kutoka Kampala mpaka hapa bandarini kupanda meli za India, wameshaporwa na wanajeshi njiani. Maduka yao yakagawiwa watu wa serikali. Mwanzoni ilikuwa sherehe. Baadaye sukari ikapotea, sabuni ikapotea, viwanda vikalala, na Waganda wakalazimika kuazima Kiswahili chetu kutaja mambo mapya, biashara ya kisirisiri wakaiita magendo, na wale waliotajirika nayo wakaitwa mafuta mingi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu wa 1981 ukaja kukataza kufukuza wageni kwa jumla jumla. Nigeria ilikuwa haijasikia, 1983 ikawatoa wageni kama milioni mbili, nusu yao hivi Waghana.

Na kuna nchi inayopokea, hii husahaulika. Miaka ya tisini Marekani ilirudisha El Salvador vijana waliokulia mitaa ya Los Angeles na magenge yao, nchi imetoka vitani juzi, haina kazi, haina polisi wa maana, genge likapata shamba lenye rutuba. Baada ya miaka watu wakaanza kukimbia El Salvador kwa sababu ya magenge hayo, wakikimbilia wapi? Marekani.

Kwani twende mbali. Wapemba wetu wa Kilifi na Kwale, wamevua samaki pwani hii miongo na miongo, wengine wamezaliwa hapa na wazazi wao wamezaliwa hapa, lakini miaka yote hiyo bila kitambulisho ulikuwa huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, huna leseni ya kuvua, na kila ukiona polisi unawaza leo nitarudishwa Pemba ambako sijui mtu. Serikali ilikuja kuwatambua 2023. Wamakonde wa Kwale walitangulia, walitembea kwa miguu hadi Nairobi 2016 kudai vitambulisho. Hawa wengi wao hawakufukuzwa kabisa, ila waliishi maisha ya mtu anayengoja kufukuzwa, na hilo nalo liko ndani ya hili neno.

Kijana amesharudi. Alishuka Nairobi na begi moja, akapanda basi la usiku, akashuka Mwembe Tayari asubuhi akiwa na koti la baridi mkononi na jua hili letu. Barazani wameshamjadili, alifanya nini huko mpaka wakamfukuza, lazima aliiba, ama madawa, manake kwetu mtu harudi kutoka Marekani bila gari. Hasemi kitu. Anakuja kwangu kununua bando.

Binti yake akitoka shule kule ni saa kumi jioni, huku ni saa saba usiku. Chumba alichopewa na mamake netiwaki haishiki, kwa hivo anapanda juu ya dari ya nyumba na kiti cha plastiki. Jana usiku nilikuwa nafunga hesabu nikamsikia kule juu anamsaidia hesabu za kutoa, kwa kizungu, anarudia polepole, azima kumi, azima kumi kwa jirani. Kisha akawa anasema haloo, haloo, unanisikia.