Jinsi kompyuta na elimu ya jeni zinavyotambua kifua kikuu sugu, na mahali zinapokomea

Kwa zaidi ya miaka mia moja kipimo kikuu cha kifua kikuu kilikuwa jicho la binadamu. Robert Koch alipotangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekibaini kijidudu kinachosababisha ugonjwa huu, alikuwa amekitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Nasi tuliosomea maabara katika Afrika Mashariki tulifundishwa karibu kazi ile ile, yaani kupaka makohozi kwenye kioo, kuyatia rangi, kisha kuhesabu vijidudu, ambavyo huonekana kama vijiti vyekundu. Ili vijidudu vionekane, mililita moja ya makohozi inapaswa kuwa navyo takriban 5,000 hadi 10,000. Mgonjwa mwenye vichache kuliko hapo, hasa mtoto au mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, huambiwa hana kifua kikuu hali anacho. Tena hadubini haiwezi kusema ni dawa ipi itakayomponya.

Siku hizi watu husikia kwamba mashine, au akili mnemba, ndiyo inayopima, nao hudhani kwamba mashine hiyo inaujua ugonjwa wenyewe. Kwa kuwa kazi yangu ni ya maabara ya kifua kikuu, ninapenda kueleza inachokijua hasa, kwa sababu kwa mgonjwa mwenye usugu wa dawa, yaani ambaye kijidudu chake hakiuawi tena na dawa za kawaida, jambo hilo ni la kufa na kupona.

Msingi uliwekwa mwaka 1998, jenomu nzima ya kijidudu hiki, yaani maandishi yake yote ya urithi, yenye herufi za DNA zipatazo milioni 4.4, ilipochapishwa. Tangu hapo wanasayansi waliweza kuoanisha usugu na mahali mahususi katika jenomu. Mfano bora ni rifampisini, dawa ambayo tiba ya kawaida ya miezi sita inaitegemea. Dawa hii hukishika kimeng'enya, yaani protini, kinachonakili jeni za kijidudu na kukizuia kufanya kazi, na jeni inayotengeneza sehemu ya kimeng'enya hicho huitwa rpoB. Takriban asilimia 95 ya mabadiliko yanayoleta usugu dhidi ya rifampisini hutokea ndani ya kipande kimoja kifupi cha jeni hiyo, chenye herufi 81 tu.

Herufi hizo 81 ndizo zilizoiwezesha GeneXpert, mashine ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha Desemba 2010 na ambayo leo imefika katika hospitali nyingi za wilaya. Makohozi huwekwa ndani ya katriji, yaani kikasha kidogo kinachotumika mara moja. Mashine huvipasua vijidudu, kisha hupasha na kupoza DNA mara nyingi hadi kipande kinachotafutwa kirudufike kwa mamilioni. Katika katriji ya Ultra, iliyopendekezwa mwaka 2017, mna vipande vya DNA vilivyotengenezwa kiwandani ambavyo hujishikiza kwenye zile herufi 81. Mashine hupandisha joto polepole, na programu yake hupima ni katika nyuzi ngapi kila kipande kinaachia. Herufi moja ikiwa imebadilika, mshiko nao hubadilika, na programu huandika kwamba kuna usugu. Haya yote hukamilika kwa muda usiozidi saa mbili, wakati kuotesha vijidudu, yaani kuvikuza maabara, kunahitaji majuma. Ultra huweza kugundua vijidudu vichache kiasi cha 16 katika mililita moja. Sijui chombo kingine kilichobadilisha kazi yetu kwa kiwango hicho.

Hata hivyo, katika kutafuta usugu, mashine hiyo hutazama herufi 81 tu, na yaliyotokea Eswatini, wakati huo ikiitwa Swaziland, kila mhudumu wa kifua kikuu anapaswa kuyafahamu. Katika utafiti wa kitaifa wa usugu uliofanyika mwaka 2009, ilibainika baadaye kwamba takriban asilimia 30 ya vijidudu vyenye usugu dhidi ya dawa zaidi ya moja vilikuwa na badiliko liitwalo I491F, ambalo liko ndani ya rpoB lakini nje kidogo ya kile kipande kinachotazamwa. GeneXpert ilikuwa ikitoa jibu kwamba rifampisini inafaa, na kwa kadiri ilivyotengenezwa, haikuwa imeharibika hata kidogo: ilijibu kwa usahihi swali iliyoulizwa. Mgonjwa alianzishiwa dawa ambazo kijidudu chake kilikuwa kimeshazishinda, akaendelea kukohoa, na huenda akawaambukiza wa nyumbani kwake. Kwa njia hiyo kipimo kizuri, kikitumiwa peke yake, kinaweza kuipa aina moja ya kijidudu nafasi ya kuenea bila kuonekana. Badiliko hilo hilo limekwisha kuonekana Afrika Kusini pia.

Njia ya kutoka hapo ni kusoma jeni nzima badala ya kipande. Katika aina moja ya vyombo vya kusomea DNA, ambavyo vingine hutosha kiganjani, uzi wa DNA hupitishwa kwenye tundu dogo mno la protini huku umeme ukipita. Kila kundi la herufi huutikisa umeme huo kwa namna yake, na programu iliyofunzwa kwa mifano mingi hugeuza mitikisiko hiyo kuwa maandishi ya herufi nne. Bila kompyuta, mitikisiko hiyo ni kelele tu. Mwaka 2024 WHO ilipendekeza usomaji wa jeni teule kwa ajili ya kubaini usugu, na hivyo kazi iliyokuwa ya watafiti peke yao ikaanza kuingia katika huduma za kawaida.

Kusoma herufi, hata hivyo, hakutoshi. Ni lazima pawepo mahali palipoandikwa kwamba badiliko hili ni usugu na lile halina madhara. Ndiyo maana ninaiona orodha ya mabadiliko ambayo WHO iliichapisha Juni 2021 kuwa kazi kubwa kuliko mashine yoyote. Ilijengwa kwa kulinganisha jenomu za vijidudu zaidi ya 38,000 na jinsi kila kimoja kilivyoitikia dawa, na toleo la pili la Novemba 2023 lilitumia zaidi ya 52,000. Jenomu moja ina herufi mamilioni, na hakuna binadamu anayeweza kufanya ulinganisho huo kwa mkono.

Uhaba wa maarifa haya unaonekana wazi zaidi kwenye bedakwilini, dawa iliyo kiini cha tiba ya miezi sita kwa wagonjwa wengi wenye kifua kikuu sugu. Usugu wake kwa kawaida hautokani na kipande kimoja. Kuna jeni iitwayo Rv0678 inayodhibiti pampu ya kutolea sumu nje ya kijidudu, na badiliko lolote linaloiharibu jeni hiyo, popote lilipo, linaweza kuifanya pampu ifanye kazi bila kizuizi na kuitapika dawa. Mabadiliko yanayowezekana ni mengi, na mengi kati yake bado hayana jibu katika orodha. Mtaalamu anapopata badiliko la namna hiyo, ripoti yake haina budi kusema kwamba maana yake haijulikani, na ni lazima vijidudu vioteshwe pamoja na dawa ili jibu lipatikane.

Hapa ndipo vijidudu vya kwetu vinapohusika. Mwaka 2020 watafiti walieleza ukoo wa kijidudu cha kifua kikuu uliokuwa haujulikani kabisa, ukapewa namba 8, nao ulitoka Rwanda na Uganda. Ukoo mzima ulikuwa miongoni mwetu bila kutambuliwa. Sampuli za eneo la Maziwa Makuu zisipooteshwa, zisiposomwa na matokeo yake yasipoingizwa kwenye orodha, programu zitaendelea kuwa hodari kwa vijidudu vya nchi nyingine kuliko vya kwetu. Kwa maoni yangu, fedha za maabara ya kuotesha vijidudu zina haki sawa na fedha za mashine mpya, ingawa maabara hiyo haina mvuto wa kupigiwa picha siku ya uzinduzi.

Programu zinazosoma picha za eksirei, ambazo WHO ilizipendekeza Machi 2021 kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, zina sharti linalofanana na hilo. Programu hutoa alama inayoonyesha uwezekano wa kifua kikuu, na mradi unaoendesha upimaji ndio unaoamua alama ipi inatosha kumpeleka mtu akatoe makohozi. Kiwango kikishushwa, wagonjwa wachache watapotea lakini katriji nyingi zitatumika, na kila moja, hata baada ya punguzo la mwaka 2023, hugharimu karibu dola 8. Makovu ya kifua kikuu cha zamani pia huichanganya programu, hivyo kiwango kilichopangwa katika nchi nyingine hakifai kupokelewa bila kupimwa hapa. Pamoja na hayo ninaiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu takriban nusu ya wanaogunduliwa katika tafiti za kitaifa hawana dalili wanazozitaja, na mtu asiyekohoa haji zahanati.

Kwa waganga na wauguzi wanaopokea majibu yetu, ninaomba jambo moja. Mgonjwa ambaye GeneXpert imesema rifampisini inamfaa, naye anameza dawa zake zote, lakini mwishoni mwa mwezi wa pili bado makohozi yake yana vijidudu chini ya hadubini, asirudishiwe jibu lile la kwanza. GeneXpert nayo haifai kufuatilia maendeleo yake, kwani huona DNA ya vijidudu vilivyokufa pia. Chukueni makohozi mapya, andikeni kwenye fomu kwamba tiba haijaleta nafuu, na myatume kwenye maabara ya rufaa kwa ajili ya kuoteshwa na kupimwa usugu dhidi ya dawa zote anazotumia.