Ngozi ya Picha Inayoaminika
Picha nyingi za maharusi ninazoletewa kuhariri hapa Nairobi huja na ombi lilelile: ngozi iwe laini. Ombi ni halali, lakini njia ya mkato ya kulitimiza, yaani kutandaza ukungu juu ya uso mzima, ndiyo inayomfanya bibi harusi afanane na mwanasesere wa plastiki, kwa sababu jicho huitambua ngozi kwa vinyweleo vyake na kwa jinsi mwanga unavyocheza juu yake.

Kwanza natenganisha ya kupita na ya kudumu. Chunusi ya juzi inaondoka. Alama ya kuzaliwa na kovu la utotoni hubaki mpaka mwenyewe aombe. Kwa yale ya kuondoa natumia brashi ya kuponya, iliyoingia katika programu ya kuhariri picha ya Photoshop, toleo la 7, mwaka 2002, ambayo huchukua umbile la ngozi safi na kulilinganisha na rangi na mwanga wa mahali linapopachikwa.

Yanayobaki ni mabaka, na huko ndiko saa zangu nyingi huishia. Mengi ni tofauti ndogo za mwanga na giza tu, kwa hiyo nayasawazisha kwa kuangaza penye giza na kufifisha palipong'aa, kwa brashi laini yenye nguvu ya asilimia 2 au 3, juu ya tabaka la peke yake ili picha ya asili isiguswe. Mara kwa mara naipunguza picha irudi katika ukubwa wa kawaida, kwani aliyeikuza mno huanza kusafisha vitu ambavyo hakuna atakayeviona.

Ngozi nyeusi inadai uangalifu zaidi. Paji na kingo za uso mara nyingi huwa nyeusi kuliko mashavu, mdomo wa juu huweza kuwa mweusi kuliko wa chini, na mng'ao wa mashavuni ndio unaochora umbo la uso. Anayevisawazisha vyote viwe rangi moja, au kuongeza mwangaza mpaka weusi ugeuke kijivu, ametengeneza sura ya mtu mwingine. Picha za msitu wa Karura zina taabu yake pia, maana majani hurusha ukijani chini ya kidevu, nami huo nauondoa kwenye rangi bila kugusa mwanga.

Kiuno sikipunguzi. Nchini Ufaransa, tangu Oktoba 2017, tangazo ambalo umbo la mwanamitindo limekondeshwa au kunenepeshwa kwa kompyuta lazima liandikwe kuwa picha imerekebishwa, na mpaka huo naukubali hata kwa picha za ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Anayetaka kiuno chembamba namrejesha kwa mpiga picha, mwenye lenzi na pembe za kuifanya kazi hiyo kabla hajabonyeza kitufe.