Virutubisho vya madini na kazi yake ndani ya rumeni ya ng'ombe

Virutubisho vya madini ni chumvichumvi anazoongezewa ng'ombe juu ya malisho yake, ama unga uliochanganywa na pumba ama jiwe la kulamba. Humo huwa na kalsiamu, fosforasi, sodiamu, magnesiamu na salfa, pamoja na kobalti, shaba, zinki, iodini na seleniamu kwa vipimo vidogo sana. Tumezoea kusema madini ni ya mifupa na maziwa. Ni kweli, lakini kabla hayajaingia kwenye damu hupita rumeni, na humo yana watumiaji wengine.

Rumeni ndilo tumbo la kwanza, na kwa ng'ombe mkubwa huweza kubeba zaidi ya lita 100. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi za majani. Wanaozivunja ni bakteria, protozoa na kuvu waishio humo. Huchachusha majani na kutoa asidi za mafuta, ambazo hufyonzwa kupitia ukuta wa rumeni na kumpa mnyama sehemu kubwa ya nguvu zake. Vijidudu hivyo navyo vikisombwa kwenda matumbo yanayofuata, humeng'enywa na kumpa ng'ombe protini.

Vijidudu hivyo vikikosa fosforasi haviongezeki. Majani yaliyokauka na kukomaa huwa nayo kidogo, basi mnyama hujaza tumbo, chakula kikachelewa kuvunjika, akala kidogo zaidi, akakonda huku malisho yapo. Ukimwona anatafuna mifupa, shuku upungufu huu mapema. Salfa nayo hutumiwa na bakteria kujenga protini; ndiyo maana anayelisha urea, ambayo ni chanzo cha nitrojeni, hutakiwa kuiongeza, takriban sehemu 1 kwa kila sehemu 10 za nitrojeni.

Kwangu mimi kobalti ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko yote. Bakteria wa rumeni huitumia kutengeneza vitamini B12, na ini la ng'ombe huihitaji vitamini hiyo ili kugeuza asidi ya propioniki, mojawapo ya zile asidi za mafuta, kuwa glukosi. Kobalti ikikosekana, hamu ya kula hupotea na mnyama hudhoofika katikati ya nyasi nzuri.

Yapo pia madini yanayolinda mazingira ya rumeni. Nafaka nyingi huchachuka haraka, na pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 bakteria wanaovunja nyuzinyuzi hulemewa. Sodiamu baikaboneti au oksidi ya magnesiamu hupunguza makali ya asidi. Hata hivyo kinga ya kwanza ni majani yenye nyuzi ndefu, kwa sababu ng'ombe akicheua hutoa mate mengi, na mate yake yana baikaboneti.

Kuzidisha hakusaidii. Salfa na molibdenamu vikiwa vingi hukutana na shaba humo rumenini na kuifunga isifyonzwe. Potasiamu nyingi, kama ile ya nyasi changa zilizotiwa mbolea sana, huzuia magnesiamu isifyonzwe, na ng'ombe anaweza kupata mitetemeko, akaanguka na kufa. Kwa hiyo chagua mchanganyiko kulingana na malisho uliyonayo, na usome kibandiko cha mfuko. Mchanganyiko wa ng'ombe usiwape kondoo: kiasi cha shaba kinachomfaa ng'ombe huweza kujilimbikiza kwenye ini la kondoo na kumuua.