Nyumba za Bolurumu Zina Wenyewe: Ufafanuzi kwa Wanaotumia Picha na Majina Yao

Katika miezi ya karibuni kitengo chetu cha nyaraka kimepokea malalamiko yanayozidi kuongezeka kutoka kwa wanajumuiya wa bolurumu ya New York (utamaduni wa dansa za mashindano, ambako vikundi viitwavyo nyumba hushindana kwa mavazi, mwendo na uchezaji), ambao wanakuta picha zao za miaka ya 1980 zimewekwa kwenye matangazo ya nguo na mabango ya kumbi za starehe, pengine bila jina, pengine kwa jina la mtu mwingine. Tunaamini kwamba wengi wa wanaofanya hivyo hawana nia mbaya, na kwa sababu hiyo tunaanza na historia kabla ya kufika kwenye sheria.

Wapo wanaodhani kwamba utamaduni huu ulianzishwa na "Vogue", wimbo wa mwaka 1990 wa mwimbaji Madonna uliotumia mtindo wa kucheza wa bolurumu. Sivyo, na tungeomba swali hilo sasa lifungwe. Miaka ya 1880, mjini Washington, William Dorsey Swann, aliyezaliwa utumwani Maryland, alikuwa akiandaa dansa za siri ambako wanaume weusi walivaa magauni ya hariri. Polisi walivamia mojawapo mwaka 1888. Mwaka 1896 alihukumiwa kifungo cha miezi 10, akamwomba Rais Grover Cleveland msamaha, akanyimwa. Huko Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, chama cha Hamilton Lodge kilikuwa na dansa yake ya kila mwaka tangu 1869, na kufikia miaka ya 1920 ilivuta maelfu ya watu, weusi kwa weupe.

Hata hivyo, kuchanganyika ukumbini hakukuleta usawa mbele ya majaji. Washindani weusi walizoea kushindwa na weupe, na mwaka 1967 Crystal LaBeija, baada ya kunyimwa taji katika shindano la urembo mjini New York, aliondoka jukwaani na kuwashutumu waandaaji waziwazi mbele ya kamera. Mwaka 1972 yeye na Lottie LaBeija waliandaa dansa yao wenyewe Harlem kwa jina la Nyumba ya LaBeija, na nyingine zikafuata: Dupree, Corey, Pendavis, kisha mwaka 1982 Xtravaganza, nyumba ya vijana wenye asili ya Amerika ya Kilatini.

Nyumba hizi ni koo. Kila moja ina mama, mara nyingi na baba, na watoto wake hubeba jina la nyumba kama jina la ukoo. Wengi wao walikuwa vijana wa LGBTQ (wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wengineo) waliofukuzwa na wazazi wao, na mama wa nyumba ndiye aliyewapa pa kulala, akawafundisha kushona na kutembea jukwaani, akawakanya walipopotoka. Ukimwi ulipoingia, nyumba ndizo zilizouguza na kuzika watu ambao ndugu zao wa damu hawakutokea. Angie Xtravaganza, aliyelea watoto wengi kwa namna hiyo, alifariki mwaka 1993. Willi Ninja, aliyeufikisha uchezaji wa vogu (mtindo wa bolurumu wa kucheza kwa kuiga mikao ya wanamitindo) kwenye majukwaa ya mitindo ya Ulaya, alifariki mwaka 2006. GMHC, shirika la New York la kupambana na Ukimwi, lilielewa uzito wa koo hizi mapema, likaunda Nyumba ya Latex ili elimu ya kinga na upimaji wa virusi viwafikie watu palepale dansani.

Shindano lenyewe ni kali. Mshereheshaji hutangaza kipengele, mshindani hupita mbele ya meza ya majaji, nao huinua kadi za alama 10 au humwondoa shindanoni papo hapo. Katika kipengele cha uhalisia, kijana huvaa suti na kushika mkoba wa ofisini, na hupimwa iwapo mpita njia angemdhania mfanyakazi wa kawaida. Anayeona hapo vichekesho hajaelewa kitu: mwanamke aliyebadili jinsia akitambulika barabarani, angeweza kupigwa au kuuawa.

Sasa sheria. Vifungu vya 50 na 51 vya Sheria ya Haki za Kiraia ya jimbo la New York vinakataza kutumia jina au picha ya mtu aliye hai kwa tangazo au biashara bila idhini yake ya maandishi; kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Kukiuka ni kosa la jinai, na aliyetumiwa anaweza pia kufungua shauri la madai ili kuzuia matumizi hayo na kudai fidia. Hakimiliki ni jambo la pili, na kwa kawaida ni ya mpiga picha, wala si ya aliyepigwa. Kwa kazi iliyosajiliwa kwa wakati, mahakama ya shirikisho inaweza kutoza kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 pale ukiukaji ulipokuwa wa makusudi. Kuandika "picha kutoka intaneti" si kibali, na hakujawahi kuwa kibali.

Idhini iandikwe ikitaja picha, matumizi na muda. Kwa kuwa watu huhama nyumba, lionyeshwe jina la nyumba la wakati picha ilipopigwa pamoja na la sasa. Kwa wanawake waliobadili jinsia, hata kama hati ya polisi au ya hospitali ina jina la kuzaliwa, maelezo ya picha yatumie jina aliloshindana nalo ukumbini.