Uji mwepesi sio rahisi kumeza, tafadhali

Wiki iliyopita nilifika boma moja upande wa Ahero, mzee alipata kiharusi wiki tatu nyuma, nikakuta thamosi ya uji mezani na binti yake akaniambia kwa furaha kabisa, "Daktari, tumeupika mwepesi kama maji ndio baba asihangaike." Mzee amelazwa juu ya mito miwili, mwili wa moto, na aliponiambia karibu sauti yake ilitoka na maji maji, kama mtu anaongea huku anasukutua. Siwezi kumlaumu huyo binti, aliamka saa kumi na moja alfajiri kupika huo uji. Lakini ni mara ya nne mwezi huu nasikia maneno hayo hayo, na boma lingine walisema waliambiwa hivyo wodini siku ya kutoka, "mpeni vitu vyepesi". Nimechoka kuelezea mmoja mmoja, wacha niandike.

Kumeza kunatumia misuli zaidi ya 30, na sehemu ya kooni inaisha kama ndani ya sekunde moja tu. Pumzi inasimama, zoloto (kisanduku cha sauti) linapanda, kidakatonge kinafunika njia ya hewa kama mlango, umio (njia ya chakula) unafunguka, kila kitu kwa zamu yake. Baada ya kiharusi hiyo zamu inachelewa. Sasa fikiria maji, maji hayangoji mtu, yanateremka nyuma ya ulimi kabla mlango haujafungwa na yanaingia kwa mapafu. Kitu kizito kidogo kinakuja polepole, koo linapata muda wa kujipanga. Ndio maana mtu anaweza kula ndizi iliyopondwa vizuri halafu apaliwe na maji ya kumezea dawa.

Na tafadhali msiniambie "lakini hakohoi". Hiyo ndio inanikasirisha kuliko zote. Kukohoa ni koo kusikia kwamba kuna kitu kimepotea njia, na kiharusi kinaweza kuua hiyo hisia kabisa, uji unaingia kifuani na mgonjwa anakuangalia tu, ametulia. Nyinyi mnasema amemeza vizuri, siku tatu baadaye ni nimonia. Angalieni sauti ikibadilika baada ya kumeza, joto linalopanda bila sababu, machozi wakati wa kula, mlo unaochukua saa nzima, uzito unaoshuka.

Najua hii imani inatoka wapi lakini. Huku magharibi na Bonde la Ufa saratani ya umio tunaijua sana, hospitali ya Tenwek kule Bomet imewawekea wagonjwa stenti (kibomba cha kuacha njia wazi) kwa miaka mingi, na kwa huyo mgonjwa ni kweli, ugali unakwama kifuani, baadaye hata viazi vinakwama, uji mwepesi unapita. Pale njia imezibwa, kwa hiyo chepesi kinasaidia. Kwa kiharusi njia iko wazi, shida ni mlango. Ni ugonjwa tofauti kabisa na watu wameubeba ushauri wa huu wakaupeleka kwa ule. (Kama chakula kigumu kinakukwama kifuani na kinazidi kila wiki, usinitafute mimi kwanza, nenda upigwe kamera ya umio, na uende haraka.)

Sasa uzito kiasi gani? Hapa watu wanasema "mzito" halafu kila mtu anapika wake. Kuna kipimo cha kimataifa cha uzito wa vyakula na vinywaji kinaitwa IDDSI, ngazi 0 mpaka 7, na uzuri wake ni kwamba vinywaji vinapimwa na sirinji ya mililita 10. Toa kile cha kusukuma, ziba chini na kidole, jaza mpaka 10, achilia sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Chini ya 1 hiyo ni ngazi 0, sawa na maji. Kati ya 1 na 4 ni ngazi ya kwanza, 4 mpaka 8 ya pili, zaidi ya 8 ya tatu, na kama hakuna tone limetoka umefika ya nne. Ila sirinji ziko za urefu tofauti, ile ya kipimo kutoka 0 mpaka 10 ni milimita 61.5, pima na rula kwanza. Ngazi gani inamfaa mgonjwa wako sitaandika hapa, hiyo lazima mtu amwangalie akimeza.

Uji wetu una tabia zake mbili. Ukipoa unazidi kuwa mzito, kwa hiyo pima ukiwa kwenye joto lile atakalonywea. Halafu, na hii watu hawaamini, mate yanauyeyusha. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, ukirudisha kijiko kilichotoka mdomoni ndani ya kikombe mara kumi, uji wa mwisho sio ule ulioanza nao, umekuwa maji. Mimina kidogo kidogo kwa kikombe kingine, ndio hiyo tu.

Samaki na ugali na mchuzi wake ni mtihani mgumu zaidi, maana mdomo unashika vitu viwili kwa wakati mmoja, mchuzi unatangulia wakati ugali bado unatafunwa. Githeri hivyo hivyo. Mrenda naipenda kwa wengine kwa sababu inashikanisha tonge, kwa wengine inavutika kama uzi, nusu imemezwa nusu iko kooni. Nimekosea hapo zaidi ya mara moja.

Na kuna jambo linalonisumbua. Ukiangalia kwa eksirei, kinywaji kizito kweli kinaingia kwa njia ya hewa kidogo kuliko chepesi. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani wa 2008, wagonjwa 515 wenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) au dementia (ugonjwa wa kusahau), vinywaji vizito havikupunguza nimonia kuliko kuinamisha kidevu tu wakati wa kunywa, na waliopewa vizito walipungukiwa maji mwilini zaidi. Mtu hakati kiu na uji. Kuna hospitali zinaruhusu maji matupu katikati ya milo, mdomo ukiwa umesafishwa vizuri, na mimi nimeanza kufanya hivyo kwa wengine, kwa woga. Mtafiti Langmore na wenzake mwaka 1998 walikuta kwamba kulishwa na mtu mwingine kulitabiri nimonia zaidi kuliko shida ya kumeza yenyewe, na meno mabovu nayo yalikuwemo. Kwa hiyo mswaki mara mbili kwa siku, ulimi pia, na kijiko kikae mkononi mwa mgonjwa, wewe shika kiwiko.

Kuna mama mmoja wa Kondele ameacha kwenda matanga. Anameza vizuri kwa vipimo vyangu vyote, lakini anakula polepole na anaogopa kukohoa mbele za watu, na ukikataa chakula kwa boma lenye msiba wanasema una kinyongo. Liko dodoso la maswali 44 la kupima maisha ya mtu mwenye shida ya kumeza, linauliza kuhusu woga, uchovu, kula na wengine, nikamsomea yote akajibu. Halafu akauliza, "Na hapo wapi pameandikwa shemeji zangu hawanisalimii tena?" Nimeandika jibu lake pembeni ya karatasi. Sasa tunafanya mazoezi ya kula mbele ya watu wawili, dada yake na jirani, ndizi na parachichi.

Yule mzee wa Ahero tulimrudisha hospitali siku ile ile, ilikuwa nimonia. Yuko na mpira wa pua wa kumlishia kwa sasa, na huo mpira nao hauzuii mate kuingia kifuani, kwa hiyo mswaki unaendelea. Wengi koo linarudi ndani ya wiki za kwanza na nina tumaini naye. Anachotaka yeye ni chai, ya maziwa, na sio kwa kijiko. Alhamisi nitamketisha wima nimjaribu. Binti yake amesema uji atauleta yeye, na sirinji ameshanunua.